Maswali yenu: kuimba bakapu za injili, malipo, masaa ya studio na yule mume wa Bamburi

Wiki hii karibu maswali yote ni ya waimbaji wa nyuma, yaani wa bakapu, nyinyi mnaosikika kwenye korasi na kwenye video hamuonekani. Mengi yanafanana kwa hivo nimechukua machache. Haya.

Bwana asifiwe mama. Naongoza sifa kanisani kwetu Kisauni na watu wanalia nikiimba. Prodyuza mmoja aliniita nikaingiza bakapu, tangu siku hiyo kimya. Nimekosa wapi?

Amina mwanangu. Sijakusikia ukiimba lakini nakisia uliimba kama kiongozi. Kanisani unapewa maiki unaachiwa uwanja, unapinda noti, unatetemesha mwisho wa mstari, unaongeza "oh Yesu" pale roho inapokupeleka, na ni sawa kabisa. Studio ni kazi nyingine. Bakapu ni tui kwenye wali, kwenye sahani hulioni lakini likikosekana mtu wa Pwani anajua tonge la kwanza. Kwa hivo mtetemo unaupunguza, mdomo unaufungua sawa na mwenzako (a yako ikiwa pana na yake nyembamba hazishikani hata kama noti ni ile ile), na mwisho wa mstari mnakubaliana mnakata kwenye pigo gani. Zile s za "msifuni" na "asante" atamke wazi mtu mmoja, wengine wazilegeze, manake s za watu watano zikipishana kidogo tu kwenye spika ni fujo.

Halafu kuna kurudia, na hapa ndo wengi wanaanguka. Sauti tatu zikiingizwa mara mbili mbili ni traki sita, na ile ya pili inatakiwa ifanane na ya kwanza mpaka pale ulipovuta pumzi. Wewe ukibadilisha kila teki, yaani kila mara unaporekodiwa, kwa vile umesikia upako, injinia wa sauti anakesha akikata na kuunganisha, atakupigia tena kwa nini? Mwandikie prodyuza, usimlaumu, mwambie uko tayari kuja wimbo mmoja akuelekeze.

Msanii ameniita niimbe kwa albamu yake. Kuuliza malipo akasema tunamtumikia Mungu, atanipa nauli. Ni dhambi kudai? (Mtwapa)

Si dhambi. Hebu angalia siku hiyo nani na nani wanalipwa: studio inalipwa, mpiga kinanda analipwa, kijana wa video na droni yake analipwa tena kwa masaa, sasa mbona wa kumtumikia Mungu mbaki nyinyi wa bakapu peke yenu? Mimi nagawanya hivi: Jumapili kanisani kwangu, kesha, msiba wa mshirika mwenzangu, hapo naimba bure na soda yenu sitaki. Wimbo wa mtu utakaopanda YouTube na Skiza (ile milio ya simu) kwa jina lake, hiyo ni kazi, ina bei. Mkubaliane mapema na iandikwe, hata WhatsApp ni afadhali kuliko maneno ya mdomo: nyimbo ngapi, sauti ngapi, akitaka turudie wiki ijayo nani analipa, jina langu litaandikwa wapi. Nusu iingie M-Pesa kabla sijatoka nyumbani. Na kama kweli hana na huduma yake unaipenda, msaidie, lakini iwe ni wewe umeamua kumpa, sio yeye amekuamulia.

Sisomi noti za mistari. Nitatoboa? (Mikindani)

Utatoboa. Solfa ya kwaya, do re mi, inakufikisha mbali, kinachotakikana zaidi ni sikio. Jirekodi kwa simu ukiimba sauti ya kwanza ya wimbo wowote wa tenzi, uiimbie ya pili juu yake, kisha ya tatu. Ukijikuta umeteleza umerudi ya kwanza katikati ya korasi, bado.

Mke wangu huenda kurekodi bakapu anarudi saa nane usiku. Namwamini, lakini majirani wanaongea. (Bamburi)

Baba, studio nyingi zinafanya kazi usiku kweli, mchana kuna joto na mahoni ya matatu, na prodyuza mwenyewe pengine ana kazi nyingine. Kwa hivo mkeo hakudanganyi. Lakini hakuna sheria iliyoandikwa kwamba lazima iwe usiku. Bakapu za nyimbo mbili zinaisha mchana mmoja kama watu walifundishwa mapema, na huo usiku wa manane mara nyingi ni kwa sababu msanii amekuja hata maneno ya ubeti wa pili hajamaliza. Mkeo anaweza kusema mwisho wake ni saa tatu usiku, na wenzake wawili watatu wakisema hivo hivo mtaona ratiba inabadilika. Wakikawia, teksi ni ya mwenye wimbo. Majirani achana nao, siku moja nenda nae ukae nyuma ya injinia, utasikizishwa mstari mmoja mpaka usinzie. Ila nisikufiche, kuna wale maprodyuza wanataka binti aje peke yake usiku na mlango ufungwe, huko asiende, na binti yeyote anaesoma hapa asiende.

Wimbo nilioimba bakapu unapigwa redioni kila asubuhi. Nina haki ya chochote? Na Marekani wanalipwaje? (Changamwe)

Unayo. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inamtambua pia aliyeimba, sio mtunzi peke yake. Mafungu ya kukusanya pesa za nyimbo tuliyoyazoea ni MCSK ya watunzi, KAMP ya wenye rekodi na PRISK ya watumbuizaji, na bakapu anaingia hapo kwa watumbuizaji. Leseni ya kukusanya inatolewa na KECOBO, ofisi ya serikali ya hakimiliki, na mivutano ya leseni imekuwa haiishi, kwa hivo kabla hujajaza fomu yoyote waulize KECOBO sai nani ana leseni. Utajiri wa kununua nyumba Nyali usiutarajie. Lakini bila jina lako kwenye kumbukumbu za ule wimbo hata hiyo kidogo hupati, manake nani atajua ile alto ni wewe? Siku ya kurekodi chukua karatasi, andika jina la wimbo, tarehe, nani aliimba sauti gani, msanii atie sahihi, piga picha uweke.

Kule Marekani, Nashville ndo soko kubwa la muziki wa Kikristo, na waimbaji wa sesheni, wanaoitwa studio kurekodi nyimbo za wengine, wana chama chao, SAG-AFTRA, chenye viwango vya malipo. Pesa za redio za intaneti na setilaiti zinapitia shirika la kuzikusanya, SoundExchange: mwenye rekodi asilimia 50, msanii mkuu 45, na ile 5 iliyobaki ni ya wa nyuma, 2.5 waimbaji na 2.5 wapiga vyombo. Lakini redio ya kawaida ya masafa, ile unaifungulia kwenye gari, kule hailipi mwimbaji hata senti, inalipa upande wa utunzi tu. Yaani kwa karatasi sisi tuko mbele yao. Kwa karatasi.

Nimeitwa bakapu ya wimbo wa mapenzi. Mchungaji akijua? (Likoni)

Mwambie kabla hajaambiwa na mwingine. Cissy Houston, mamake Whitney, aliimba nyuma ya Aretha Franklin na Elvis Presley, na pale New Hope Baptist mjini Newark aliongoza kwaya miaka na miaka, mwaka 1997 akashinda Grammy ya injili. Mimi ningesoma maneno ya wimbo kwanza, kama naweza kuyaimba mamangu akiwa sebuleni, naenda.

Nataka kurekodi bakapu chumbani nimtumie prodyuza wa Nairobi. Nina maiki na laptopu. (Tudor)

Zima panka, najua utaloa jasho, vumilia. Godoro lisimamishe nyuma yako, maiki iwe kama shubiri moja na mdomo, na upange kazi yako katikati ya adhana moja na nyingine manake maiki nzuri inazikamata zote. Headfoni sikio moja tu, lile jingine lisikie chumba. Usiweke mwangwi wala madoido, hiyo ni kazi yake. Kila faili ianze sekunde sifuri ya biti hata kama unaingia kwenye korasi, uipe jina linaloeleweka, alto1, alto2. Mtumie kwanza MP3 asikilize, zile WAV, faili kamili za kufanyia kazi, ziende M-Pesa ikishaingia.