Kabla Hujafungua Rejista za Italia: Maneno kwa Wanaoanza Kutafuta Kijiji cha Babu

Hauishi mwezi bila mtu kuniletea mti wa ukoo uliokwisha kupanda hadi karne ya 18, umejaa akina Domenico na Carmela, lakini hauna hata hati moja inayotaja komuni, yaani mji au kijiji chenye utawala wake, alikozaliwa mhamiaji mwenyewe. Nikimwuliza mwenye mti alijuaje kwamba ni huko, hunijibu kwamba shangazi wa mkewe husema wametoka Napoli. Napoli ni bandari, ndugu zangu. Wako waliozaliwa mjini humo, sikatai, lakini watu wa mikoa ya Basilicata, Molise na Calabria kwa maelfu walipandia meli hapo, na mjukuu akibakiwa na jina moja tu la kukumbuka, mara nyingi hubakiwa na hilo. Wengi wetu tunaoandikiana kwa Kiswahili tumeingia katika kazi hii kwa mlango wa ndoa, tukiwa Marekani na Kanada miongoni mwa wakwe wenye asili ya Italia ambao majina yao huishia kwa irabu kama yetu, na ninajua jinsi mtu anavyotamani kuwapendeza wakwe mapema. Ninaandika kwa upendo, ingawa subira imeanza kunipungukia.

1. Kijiji hutafutwa Marekani kwanza, si Italia. Italia ina komuni karibu 7,900, kila moja ilitunza vitabu vyake, wala hakuna faharasa moja ya taifa zima itakayokuokoa. Hata mwaka wa kuanza kwa rejista za serikali za kuzaliwa, ndoa na vifo haufanani: bara ya Ufalme wa Napoli, yaani kusini mwa Italia, ni 1809, Sicilia ni 1820, sehemu kubwa ya nchi ni 1866, na Veneto na Lazio ni 1871. Kwa hiyo anayefungua Antenati, tovuti ya Italia yenye picha za rejista hizo, bila jina la komuni anafungua tu picha za mwandiko wa makarani. Maliza kwanza karatasi za upande huu: maombi ya uraia yaliyowasilishwa baada ya tarehe 27 Septemba 1906, sheria mpya ilipoanza kutumika na fomu zikawa za namna moja nchini kote, kadi ya kujiandikisha jeshini ya Juni 1917, iliyouliza mji wa kuzaliwa, na kadi kama hiyo ya wanaume wa umri mkubwa, ya Aprili 1942. Kadi ya Septemba 1918 haikuuliza mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo usiilaumu. Maombi ya uraia ya kabla ya 1906 mara nyingi hukuambia tu kwamba mtu alikuwa raia wa Mfalme wa Italia, jambo ambalo ulilijua tangu asubuhi. Wala usiidharau parokia waliyofungia ndoa huku Marekani: tangu 1908 padri aliyefungisha ndoa alipaswa kuiarifu parokia ya ubatizo, na mara nyingi jina la parokia hiyo limeandikwa pembeni mwa kitabu chake.

2. Manifesti, yaani orodha ya abiria wa meli, ina kurasa mbili. Hili ninalisema kila mara, na kila mara naletewa ukurasa wa kushoto peke yake. Sina haki ya kumkaripia mtu sana, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka mimi, tena mbele ya ukweni.

Nilikuwa nikimtafuta babu mzaa mama wa mke wangu, ambaye nitamwita Domenico. Alifika New York mwaka 1910, na katika ukurasa wa kwanza makazi yake ya mwisho yalikuwa Terranova, na jamaa aliyeachwa nyumbani alikuwa baba yake, Francesco, wa Terranova hiyo hiyo. Nilichukua orodha ya miji, nikaona Terranova di Sicilia, ambayo tangu 1927 inaitwa Gela, nikaona ndiyo kubwa kuliko nyingine, nikaingia. Baada ya siku chache nilimpata Domenico: jina la ukoo lilikuwa lile lile, mwaka wa kuzaliwa ulikuwa ule ule, na baba alikuwa Francesco. Sikulala. Nilipanda vizazi vitatu, nikachapisha mti kwenye karatasi kubwa, nikautia fremu, nikaukabidhi siku ya Pasaka mbele ya familia nzima, na mama mkwe akalia.

Sasa sikilizeni niliyoyaona nikayapita. Cheti cha kifo cha Domenico, kilichotolewa Pennsylvania, kilimtaja mama yake kuwa Rosina. Rejista ya Gela ilimtaja mama kuwa Carmela. Nikajiambia kwamba bila shaka mama alikuwa na majina mawili, au kwamba mwanawe aliyetoa habari za msiba alikuwa amechanganyikiwa kwa majonzi. Pembeni mwa kumbukumbu ya kuzaliwa, kwa wino uliofifia na mwandiko wa karani mwingine, palikuwa na maneno machache ambayo niliyaona mabaya kusomeka, nikayaacha nikiahidi kuyarudia. Sikuyarudia. Wakati huo mama mkwe alikwisha kukata tiketi. Akaenda Gela, akawasha mishumaa kanisani, akapiga picha kando ya bahari, akarudi akisema kwamba nyuso za watu wa kule zilifanana na za kaka zake.

Kilichoniumbua ni ukurasa wa pili. Niliufungua kwa sababu nyingine kabisa, nikitaka kujua urefu wake na rangi ya macho yake ili niongeze pambo katika simulizi, na katika safu ya mwisho, ile ya mahali pa kuzaliwa, palikuwa pameandikwa wazi: Terranova, Cosenza. Hiyo ni Terranova da Sibari, mji wa Calabria ulio juu ya bonde la mto Crati. Nilirudi Gela kwa mikono inayotetemeka, nikayasoma yale maneno ya pembeni: Domenico wa Gela alikuwa amefunga ndoa pale pale mwaka 1912, wakati Domenico wetu alikuwa akichimba makaa ya mawe Pennsylvania. Mtu hawezi kuwa bwana harusi Sicilia na mchimbaji Pennsylvania katika mwaka mmoja, hata kama mkwe wake ana haraka. Baadaye nilihesabu na kukuta kwamba mbali na hizo mbili kuna Terranova di Pollino, kuna Terranova Sappo Minulio, na Olbia ya Sardinia nayo iliitwa Terranova Pausania hadi 1939. Nilikuwa nimechagua moja kwa sababu ya ukubwa wake.

Nilimweleza mama mkwe ukweli nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona kuketi kungekuwa utovu wa adabu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba basi aliwaombea marehemu wa watu wengine, na kwamba hadhani kama wamekasirika. Fremu aliiweka mahali nisipopajua. Mimi nilianza upya kwa Rosina, na katika Terranova da Sibari nilimkuta na mume wake Francesco na mtoto wao Domenico, na pembeni mwa kumbukumbu hiyo hapakuwa na ndoa yoyote.

3. Jina la ukoo halikubadilishwa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York. Manifesti iliandikwa na kampuni ya meli kwenye bandari ya kuondokea, na afisa wa New York aliisoma tu; Joe alipanda meli akiwa Giuseppe, na James huenda alikuwa Vincenzo. Mwanamke mtafute kwa jina la ukoo alikozaliwa, maana Mtaliano hakulivua jina hilo kwa kuolewa. Mstari ukiwa umekatwa kwa wino, mara nyingi huyo hakusafiri katika meli hiyo. Na ukiona nambari ndefu imeandikwa kando ya jina kwa mkono mwingine, shukuru: miaka mingi baadaye kuna karani aliyerudi kuhakiki kufika kwake kwa ajili ya uraia, kwa hiyo nenda ukaitafute hati ya maombi.

4. Usimtambue mtu bila mama yake. Desturi ya kusini ilikuwa kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Babu mwenye wana watano anaweza kuacha wajukuu watano wenye jina moja na ukoo mmoja katika kijiji kimoja, wote wakiwa wamezaliwa ndani ya miaka michache. Tena mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lile lile. Niliwahi kumsaidia kijana aliyekuwa amemtafutia ndoa na watoto marehemu wa miezi minne, na alinikasirikia mimi badala ya kulikasirikia kaburi. Kila ukimpata unayemtaka, tafuta kwanza vifo vya miaka mitano inayofuata.

5. Ukishapata ndoa ya kabla ya 1866 katika nchi iliyokuwa Ufalme wa Sicilia Mbili, usitosheke na ukurasa wa ndoa. Omba au fungua *processetti*, yaani bahasha ya karatasi zilizoambatishwa na ndoa. Hapa nitawaomba radhi, kwa sababu nikianza kuzisifu karatasi hizi sinyamazi. Bwana na bibi harusi walitakiwa kuleta dondoo za kuzaliwa kwao, vifo vya wazazi waliokwisha kufariki, na ikiwa baba hayupo, kifo cha babu mzaa baba pia, ili ijulikane ni nani mwenye mamlaka ya kutoa idhini. Bahasha moja ya mayatima wawili inaweza kukupa majina ya watu waliozaliwa kabla rejista za serikali hazijawazwa. Baraka yetu sisi imetokana na misiba yao, na huwa naona aibu kidogo ninapofurahi kusoma kwamba baba wa bibi harusi alikwisha kufa.

6. Jifunzeni tarakimu za Kitaliano kwa maneno, kwa sababu karani wa 1840 aliandika mwaka wote kwa herufi.

7. Mkiandikia komuni, andikeni kwa Kitaliano kifupi, mtu mmoja, tukio moja, na mwaka. Ofisi nyingi za vijiji zina mtumishi mmoja anayeshughulikia pia vitambulisho na mazishi, na wanaoomba uraia kwa njia ya mababu wamemchosha vya kutosha; anayetaka pasipoti asome kwanza sheria ya Mei 2025, iliyowabana sana wale ambao mzaliwa wao wa Italia yuko mbali kuliko babu na bibi. Ombeni dondoo yenye majina ya baba na mama, *con paternità e maternità*, na mwandike maneno hayo waziwazi, kwa sababu msipoyaandika mtapokea karatasi nzuri yenye mhuri ambayo haina jina la Rosina wala la Carmela.