Muulize Mhariri: Riwaya ya babu imekwama sura ya tatu

SWALI

Shikamoo Bi Mhariri. Mimi ni kijana wa Kasulu, mkoani Kigoma, nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Ninaandika riwaya kuhusu babu yangu mzaa baba, aliyekwenda Tanga mwaka 1952 kukata mkonge akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba mashambani. Wazo lilinijia, nikaandika sura tatu mfululizo na kuzituma kwenye grupu letu la WhatsApp. Watu walizipenda, wakawa wananiuliza kila siku nini kinafuata. Sasa nimekauka. Rafiki yangu ananihimiza nimalize haraka kwa sababu wazo limeshasambaa na mtu anaweza kulichukua. Tena kuna shindano la miswada linafungwa miezi miwili ijayo. Babu alishafariki, bibi yupo. Sura zote tatu nimekutumia. Nikaze mwendo au niache?

Mjukuu wa Manamba, Kasulu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Sura zako nimezisoma zote, na ya tatu nimeirudia. Usiache. Ila shindano la safari hii liache lipite.

Nianze na kile kilichonifanya niirudie sura ya tatu. Karibu na mwisho umeandika, kwa kupita tu, kwamba babu hakutaka kamba ya mkonge iingie nyumbani kwake mpaka anakufa, na kwamba mbuzi wake aliwafunga kwa kamba za mgomba, zikawa zinakatika na mbuzi wanaingia kwenye mashamba ya watu. Umelisema hilo kwa sentensi mbili, halafu ukakimbilia mauaji ya nyapara. Mauaji hayo hayana mzizi wowote katika sura mbili za mwanzo. Nahisi yameingia kwa sababu wenzako kwenye grupu walitaka kitu kitokee. Nyapara kuuawa, yeyote anaweza kuandika. Mzee anayegombana na majirani kwa ajili ya mbuzi, lakini kamba ya mkonge haigusi, huyo unaye wewe tu.

Kwa nini hakuigusa? Hujui bado, na ndiyo maana umekauka. Waandishi wengi chipukizi wakifika hapo hudhani kipaji kimewaishia. Wanalazimisha tukio kubwa, moto au ajali au kifo, ili kalamu iendelee kutembea. Mimi nakuomba ukae na swali hilo hata kama litakuchukua mwaka mzima.

Kuna jambo jingine. Katika sura ya kwanza umempandisha babu treni Kigoma, akashukia Korogwe. Mwaka 1952 hakukuwa na njia ya reli ya kumfikisha huko moja kwa moja. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na reli ya Tanga nayo ilikuwapo, lakini hazikuwa zimeungana. Njia ya kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, ilifunguliwa 1963. Kwa hiyo kuna mahali babu yako alishuka akaendelea kwa njia nyingine. Alipanda lori? Alitembea kwa miguu? Usiku ule wa kwanza nje ya treni alilala wapi, na kati ya wale vijana wa Kasulu aliotoka nao, nani hakufika? Ungeendelea kwa kasi ile ya grupu, pengo hilo lisingeonekana. Mimi ndani yake naona sura nzima, pengine mbili, na zote zina nguvu kuliko yale mauaji.

Sasa, muda huo utautumiaje? Wazo likiachwa peke yake miezi sita, ukilirudia unalikuta limepoa. Kaa na bibi yako. Usimwambie akusimulie habari za manamba, maana atakujibu kwa maneno mawili na kunyamaza, wazee wengi hufanya hivyo. Muulize kuhusu mbuzi. Muulize siku ile mzee aliporudi alibeba nini mkononi, alivaa nini, nani alimpokea, usiku aliota nini. Muulize kama alihifadhi kipande chake, ile kadi ya kazi iliyowekewa alama kila ngwe ilipokamilika mpaka zitimie siku 30. Kipande kikiwa bado kipo ndani ya sanduku fulani, kishike mkononi kabla hujaandika neno jingine. Wazee wengine waliokwenda Tanga kutoka wilaya yenu wanazidi kupungua, kwa hiyo hii kazi ya kuuliza ndiyo pekee ninayokutaka uifanye haraka. Siku ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, pita Nyaraka za Taifa, Upanga, uulizie majalada yanayohusu vibarua wa mkonge.

Yote hayo yaandike kwenye daftari bila kuyapanga. Hapo mashineni, foleni ya unga inapokuwa ndefu, andika mstari mmoja. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali, na kazi ya ofisi haikumzuia kuandika. Habari za maisha yake mwenyewe hakuzimaliza kwa mkupuo: alipofikisha umri wa miaka hamsini alizirudia, akaongeza sehemu ya pili. Nampenda kwa hilo hasa, kwamba alikubali kuwa kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaandika mpaka ayafikie.

Kuhusu kuibiwa, sheria ya hakimiliki hailindi wazo, hulinda namna ulivyoliandika. Hata watu ishirini wakiandika juu ya manamba mwaka huu, hakuna kati yao aliyelelewa na babu yako. Hata hivyo grupu usilitumie sura nyingine. Waambie kwa heshima kwamba kazi imeingia ndani. Hadithi ikisimuliwa kila siku kabla haijakomaa, hamu ya kuiandika huisha, kwa sababu sifa umeshazipata. Tafuta msomaji mmoja tu, asiyekuogopa, umwonyeshe ukishakuwa na rasimu.

Najua pia kwamba subira inaweza kuwa kificho cha woga. Nimewaona waandishi wenye vipaji wakijiambia mwaka hadi mwaka kwamba wazo halijaiva, na hawaandiki hata barua. Mimi hupima hivi: kila mwezi daftari lazima liwe na kitu ambacho mwezi uliopita hukukijua. Miezi miwili ikipita halina kipya, acha kuuliza, keti uandike. Na siku utakapoanza kujua babu wa kwenye riwaya angekataa nini, hata kwenye jambo ambalo hukuliulizia kwa mtu yeyote, anza siku hiyohiyo. Anza na safari, mauaji yaondoe kabisa.

Mashindano yatakuja mengine. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa mfano, ilitolewa kwa mara ya kwanza 2023 na imeendelea baada ya hapo. Mswada uliopelekwa mbichi ukikataliwa, mwandishi kijana mara nyingi huukatia tamaa wote, pamoja na yale mazuri yaliyomo, nami sitaki ile kamba ya mgomba ipotee kwa namna hiyo. Sura ya safari ikishaandikwa upya, nitumie. Nitaisoma.