Maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kumwagilia mahindi, piga hesabu kwanza

Mkuu umeuliza ukinunua mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari ukamwagilia mahindi heka mbili hela itarudi? Hapana, usithubutu, ila tatizo sio maji, tatizo ni hayo mahindi.

Mtambo mkubwa wa kisasa unakula kama yuniti 3 mpaka 4 za umeme kutoa kyubiki moja (lita 1,000), hivi vidogo vyetu mara nyingi vinazidi hapo. Mahindi yakitegemea umwagiliaji mtupu yanataka kama milimita 500 kwa msimu, yani heka moja ni kyubiki 2,000. Ukivuna tani mbili, na hapo umejitahidi, kila kilo imekunywa kyubiki nzima, kwahiyo kilo moja ya mahindi ina yuniti 3 au 4 ndani yake na bado hujagusa mbegu, mbolea wala membreni (vile vichujio vya mtambo vinavyozuia chumvi). Weka bei ya yuniti unayolipa pembeni ya bei ya kilo unayouzia, utacheka mwenyewe. Nyanya za grinhausi kwa dripu, kyubiki hiyohiyo inakupa kilo 20 na kuendelea, ndo maana Hispania kule Almería maji haya wanapelekea mboga.

Mimi sikutumia bahari, nlikuwa na kisima cha chumvichumvi, hicho afadhali, chumvi yake kidogo so umeme ulikuwa kama yuniti moja na ushee kwa kyubiki. Nikapanda hoho. Mwanzo safi, baadae majani ya chini yakaanza kuwa njano, ila ukiangalia kwa karibu mishipa bado kijani kabisa, nikajua ugonjwa, nikapiga dawa mara mbili hela ikaenda bure. Kumbe mmea umekosa magnesiamu! Mtambo hauchagui, unatoa sodiamu unafagia na kalsiamu na magnesiamu humohumo, na Israeli yaliwakuta hayohayo na maji ya mtambo wa Ashkelon ulioanza 2005. Yani unalipa umeme kuitoa halafu unaenda dukani kuinunua tena kwenye mfuko, na muuza mtambo hilo hakwambii ng'o.

Kilichoniokoa ni kuchanganya, ndoo mbili zilizochujwa kwa moja ya kisima kama ilivyo, umeme ukashuka karibu theluthi na mbolea ya kununua ikapungua. Ila usiige hiyo kwa bahari, lita moja ina gramu 35 za chumvi, utaua shamba. Halafu maji ya bahari yana boroni, madini ambayo yakizidi yanadhuru mimea, membreni za kawaida haziikamati yote, michungwa na milimau haiipendi kabisa.

Na yale maji yanayobaki, yenye chumvi kali, panga mapema yatakwenda wapi. Mimi nlikuwa namwaga tu nyuma ya grinhausi, baada ya miezi kadhaa udongo ukawa mweupe kama umemwagiwa unga, mipapai minne ya jirani ikakauka, nikailipa.