Waminangkabau na majaruba ya mpunga

Ndugu, umeuliza inakuwaje Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, ni Waislamu kabisa lakini majaruba ya mpunga wanarithi mabinti. Mali ziko za aina mbili. Shamba la ukoo, wanaloliita pusaka tinggi, hutoka kwa mama kwenda kwa binti na kimila haliuzwi. Mjomba ni msimamizi tu. Kuliweka rehani kuna ruhusa kwa shida chache: maziko, kumwoza binti aliyechelewa kuolewa, kumtawaza mkuu wa ukoo, au paa la nyumba kubwa ya ukoo likivuja (hilo la paa hunichekesha!). Aina ya pili, ulichochuma kwa jasho lako, ndicho hugawanywa kwa mirathi ya Kiislamu. Mume? Analima kwa mkewe, au anakwenda mjini kutafuta.