Bodi ya gitaa la umeme: kazi ya kabla ya rangi

Anayetaka kupaka gitaa rangi hapa Bukavu, mwishowe ataangukia kwa fundi wa magari. Ndiye mwenye kompresa, ndiye mwenye pistole ya kupulizia, ndiye anayejua rangi inataka tina kiasi gani. Hakuna aibu katika hilo. Zile rangi za pekee za magitaa ya Fender ya miaka ya 1950 na 1960, ambazo leo watu wanazilipia pesa nyingi, zilikuwa rangi za magari za kampuni ya DuPont. Kiwanda cha California kilipulizia magitaa rangi ile ile iliyokuwa inapakwa kwenye magari ya Marekani.

Ila fundi wa magari amezoea bati. Bati halinywi rangi, halivimbi mvua ikinyesha, halitoi hewa likipashwa na jua. Mbao inafanya yote hayo. Ukimpelekea bodi, kile kiwiliwili cha mbao cha gitaa, iliyotoka kwenye randa jana, ataipiga mastiki ya kujazia, praima ya chini na rangi kama anavyopiga mlango wa gari, na itang'aa kweli. Miezi michache ikipita utaona mstari umejichora pale vipande viwili vilipogundishwa, vishimo vidogo vidogo vimejaa usoni, na ufa umeanza karibu na shingo. Huwezi kumlaumu fundi wa rangi. Kazi ya kuituliza mbao na kuiziba ilikuwa yako, na inafanyika kabla bodi haijafika kwake.

Tuanze na mbao yenyewe. Kwa bodi mimi napenda libuyu. Iko katika ukoo mmoja na mahogani, inachongeka vizuri, uzito wake bega linaubeba ibada nzima. Muvula ni mbao nzuri na ngumu, lakini ndani yake kuna kitu kinachozuia baadhi ya vanishi kukauka, na vumbi lake linawasha ngozi na pua. Mkaratusi uachie paa la nyumba: ni mzito, na ukikauka unapinda na kupasuka.

Jambo ambalo watu wengi hawataki kulisikia ni ukavu. Bodi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 45. Maseremala wanahesabu mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene, kwa hiyo ubao wa namna hiyo unadai karibu miaka miwili. Muuzaji atagonga kwa kidole na kukwambia, "Imekauka hiyo, baba." Usibishane naye. Nunua, nenda nayo nyumbani, ipime kwenye mizani ya maharage, kisha uandike uzito na tarehe kwa kalamu ya risasi juu ya ubao wenyewe. Rudia kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukikaa palepale kwa mwezi mzima, ubao umekubaliana na hewa ya nyumba yako na unaweza kuuchonga. Mvua zetu zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na mji uko ukingoni mwa ziwa. Ubao uliotulia Julai unaweza kupanda uzito kidogo Novemba. Ndiyo maana kama nina nafasi ya kuchagua, kazi ya kuziba na kupaka naipanga kati ya Juni na Agosti.

Uhifadhi ndani ya nyumba, juu ya vijiti ili hewa ipite chini yake, mbali na saruji na mbali na mbabula. Joto la makaa linakausha ngozi ya nje huku moyo ukiwa mbichi, na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Vichwa viwili vya ubao vipake rangi yoyote iliyobaki, kwa sababu maji yanatoka haraka zaidi pale mti ulipokatwa kwa kukingama.

Kama huna miaka miwili, tafuta mbao iliyokwisha kuishi: mguu wa kitanda cha zamani, fremu ya mlango wa nyumba inayobomolewa. Pitisha sumaku ya spika mbovu kila mahali kwanza, kwa sababu msumari mmoja uliozama unatosha kuharibu meno ya msumeno.

Bodi nyingi ni za vipande viwili au vitatu, na gundi nyeupe ina maji. Ukishagundisha, mbao ya pembeni mwa kiungo inavimba kidogo. Ukiipiga randa kesho yake ikawa sawa, maji yakitoka itanywea na kuacha mfereji mwembamba unaoonekana tu baada ya rangi kung'aa. Acha kiungo kipumzike wiki moja, ndipo usawazishe.

Kisha funga gitaa zima kabla ya rangi. Nasema zima: shingo, daraja la nyuzi, pikapu zinazonasa sauti, vifungo vya mkanda, tundu la kupitisha waya wa ardhi hadi chini ya daraja. Toboa matundu yote ya skrubu sasa, weka nyuzi, lipige. Kama shingo imekaa upande, utaliona jambo hilo wakati bado unaweza kulirekebisha kwa tupa. Ukimaliza, fungua kila kitu, na midomo ya matundu uichonge kidogo iwe na mteremko. Skrubu inapoingia kwenye tundu lenye ukingo mkali inainua rangi, na ufa wa kwanza unaanzia hapo.

Sasa msasa. Anza na namba 80 kuondoa alama za mashine na randa, halafu 120, halafu 180, umalizie na 220. Usipande zaidi ya hapo kwa bodi itakayopakwa rangi nzito, kwani mbao iliyosuguliwa hadi ikawa laini kama kioo haimpi praima mahali pa kushika. Kila namba ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Kwa hiyo kabla ya kila namba chora mistari ya kalamu ya risasi juu ya uso wote. Mistari ikifutika sawasawa, umefika kila mahali. Juu ya uso bapa usisugue kwa vidole vitupu, vinachimba mabonde. Kata kipande cha mbao, kibandike soli ya kandambili iliyochakaa, uzungushie msasa. Kwenye mikunjo ya kiuno tumia soli peke yake bila mbao, na siku zote fuata mwelekeo wa nyuzi za mbao.

Namna ya kuangalia kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja wa Kadutu, fundi wa vitanda na milango. Nilimpelekea bodi niliyoiona imekamilika. Aliigeuza mara moja.

"Zima taa, mwanangu."

"Nizime, Mzee?"

"Zima. Mbao haiangaliwi kutoka juu."

Akawasha tochi ya simu, akailaza karibu kabisa na ukingo wa bodi, mwanga ukapita usoni kwa ubavu. Kila mkwaruzo wa namba 80 uliotoroka ukaonekana na kivuli chake. Tangu hapo sipandi namba ya msasa bila tochi, na umeme wetu unavyokatika, giza halikosekani.

Palipobonyea bila nyuzi kukatika, weka kitambaa chenye maji na uguse na pasi ya moto. Mvuke unaingia, mbao inainuka. Palipong'oka kabisa panahitaji kujazwa, na kwa shimo kubwa mimi nagundisha kipande cha mbao ile ile kuliko kupakia mastiki ya magari, kwa sababu mastiki nene haiendi pamoja na mbao inapovimba na kunywea.

Ukimaliza namba 220, futa bodi nzima kwa kitambaa chenye unyevu, uiache ikauke hadi kesho. Utahisi vinyweleo vimesimama. Visugue kwa mkono mwepesi na msasa wa 220 uliokwisha kutumika. Ni kazi ndogo, lakini usipoifanya, koti la kwanza la vanishi litaviinua badala yako.

Libuyu ina matundu wazi, ukiiinamia karibu unayaona kama mistari mifupi myeusi. Rangi haiyajazi, inazama tu. Chukua kijazio cha mbao, kisukume kwa kadi ya plastiki kwa kukata nyuzi mshazari ili kiingie badala ya kukokotwa nje, ukwangue kilichobaki juu, uache kikauke siku mbili au tatu zaidi kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo. Sugua, tazama kwa tochi. Mara nyingi inabidi kurudia.

Halafu kuziba. Mbao nyekundu zinaweza kutoa wekundu wake hadi juu ya rangi nyeupe au krimu, na praima ya kawaida haizuii. Mimi naziba na vanishi ya magari ile ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, makoti mawili au matatu mepesi, na kwenye ubavu ulipokatwa mti kwa kukingama naongeza hadi paache kunywa. Piga wakati bodi inapoa, mchana unapoelekea jioni, wala usiitoe kwenye jua ukaipulizia hapohapo: hewa iliyo ndani ya matundu inatanuka na kutoboa vanishi ikiwa bado mbichi. Mvua ikiwa inakuja, acha. Shimo la kukalia shingo lizibe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwani makoti yakijaa humo shingo haitaingia kama ulivyoipima. Skrubu kijiti kwenye matundu ya shingo, uwe na pa kushikia na pa kuning'inizia.

Kuanzia hapo usiiguse kwa mikono yenye mafuta, na usiruhusu dawa za kung'arisha zenye silikoni karibu na chumba. Tone moja linafanya rangi ikimbie na kuacha duara tupu.

Nakusihi pia kuhusu pumzi yako. Vanishi yenye hadena ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaharibu mapafu na inaweza kukuletea pumu ya maisha yako yote. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu hapo. Pulizia nje, vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa, na watoto wasiwe uani. Vumbi la msasa nalo lisiingie kifuani. Barakoa ya vumbi inatosha kwa hilo.

Bodi iliyozibwa na kusuguliwa kidogo kwa 320 sasa inaweza kwenda kwa fundi wa magari. Mwombe apige praima tu, juu yake apitishe ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, kisha akurudishie. Sugua kwa msasa wa 400 na soli yako. Mahali palipoinuka panabaki peupe, mahali palipobonyea weusi unakaa. Jaza hapo, rudia. Kingo ziache mwisho na uzipitie kwa kidole tu, kwa sababu praima ya pale ni nyembamba na mbao inatokeza upesi. Weusi ukiisha bodi nzima bila mbao kutokeza popote, mwambie fundi achanganye rangi.