Dakika tano za kwanza jukwaani

Unataka kupanda jukwaani peke yako kuchekesha watu, na marafiki wanavunjika mbavu ukisimulia, ila ukishika kalamu kuandika vichekesho unakauka. Basi usianze na kalamu. Jirekodi kwa simu ukimsimulia mtu kisa, kisha andika ulivyosema, neno kwa neno. Ukisikiliza utashangaa: maelezo ni mengi, kichekesho chenyewe ni sentensi mbili.

Hapo ndipo kazi ilipo. Neno linalochekesha liweke mwisho kabisa. Mfano: "Baba akinipigia simu hanijulii hali, anauliza tu, 'Uko wapi?' Juzi nikamjibu, 'Nyuma yako.'" Sasa ongeza "hapo kwenye kochi, naangalia mpira" uone kicheko kinavyokufa. Watu walishaanza kucheka, wewe bado unaongea! Ukimaliza, nyamaza. Kimya kile kinatisha, najua, mimi mwenyewe nilikuwa nakijaza kwa "yaani" na "unajua".

Usiandike saa nzima. Majukwaa ya wanaoanza hutoa kama dakika tatu hadi tano, na ukizidisha hawakuiti tena. Kichekesho chenye nguvu kuliko vyote funga nacho, kinachokifuatia kwa nguvu fungua nacho. Vichekesho vya mtandaoni achana navyo, wenyewe watakuwa wamekaa mstari wa mbele.

Siku ya kwanza huenda wasicheke. Rekodi hata hivyo, na urudie vichekesho vilevile mbele ya watu wengine kabla hujavitupa. Kilichokufa Jumanne huwa kinafufuka Ijumaa kwa kubadili neno moja tu.