Kiharusi cha Baba Kilionekana, cha Mama Kiliitwa Uchovu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Mama yake ana miaka 76, na tangu asubuhi alikuwa anachanganya majina ya wajukuu huku akilalamika kuwa mwili mzima hauna nguvu. Ndugu walikwishakubaliana kuwa ni uzee, wakasema asubiriwe hadi kesho. Nilimjibu kwa mstari mmoja: mpeleke hospitali sasa hivi, na uwaambie ni saa ngapi alipoonekana mzima mara ya mwisho. Leo naeleza kwa nini nilijibu vile. Jambo hili bado linaniuma.

Nimeuguza wazazi wangu wote wawili kwa ugonjwa uleule: kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Baba kilimpata akiwa na miaka 58. Alikuwa anazungumza nasi, mara mdomo ukavutwa kushoto na kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulimbeba, tukafika mapema, akapigwa picha ya CT ya kichwa, ikaonekana hakuna damu iliyovuja, akawekewa dripu ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Alitoka wodini kwa miguu yake. Mkono ulibaki mzito, lakini aliendelea kufunga vifungo vya shati mwenyewe hadi mwisho wa maisha yake.

Mama kilimpata akiwa na miaka 81, mjane, akiishi peke yake. Tulimkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine amekipakata, anasema amechoka. Mdomo haukupinda. Ukimuuliza swali anajibu, ila jibu ni la swali lingine. Hospitali ya kwanza, aliyekuwa zamu alimpima presha, akatuambia ni uchovu na huzuni ya kufiwa na mume, akampa dawa za maumivu, tukarudishwa nyumbani. Nilimwambia wazi kwamba mama yangu namjua, na huyu siye. Akanijibu kwamba wazee ndivyo walivyo.

Kesho yake mkono haukunyanyuka. Hospitali ya pili daktari alianza na swali moja: mara ya mwisho kuonekana mzima ni lini? Jirani alikumbuka kumsalimia jioni, siku moja kabla hatujamkuta. Basi saa zikahesabiwa tangu jioni ile, na dawa aliyopata baba ikawa haiwezekani tena. Dawa ile kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kama hakuna aliyeona zikianza, hesabu huanzia pale mgonjwa alipoonekana mzima. Siku hizi kuna pia njia ya kulivuta bonge la damu kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, na kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha inaweza kufanyika hadi saa 24. Mama hata huko hakufika.

Nilidhani ni bahati mbaya ya familia yetu. Nilipoanza kusoma nikaona ni mkondo mzima. Ukilinganisha watu wa rika moja, katika umri wa makamo wanaume hupata kiharusi zaidi. Lakini wanawake huishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo wengi wao hukipata uzeeni, wakiwa tayari na presha ya miaka mingi au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na mara nyingi mume ameshatangulia. Nani atamwona mdomo ukipinda? Tena wanawake, kuliko wanaume, huja na dalili zisizo za kawaida: kuchanganyikiwa, udhaifu wa mwili mzima, uchovu wa ghafla. Ndiyo maana wengi hubaki na ulemavu mkubwa zaidi na sonona baada ya kutoka hospitali. Umri una sehemu kubwa katika tofauti hiyo, nakubali. Lakini kumrudisha mtu nyumbani na dawa za maumivu hakusababishwi na umri.

Na wewe binti wa miaka 30 usidhani haya ni ya bibi yako. Ujauzito, wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, presha ya mimba, kipandauso chenye kuona mimuliko ya mwanga ukichanganya na sigara na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni: yote huongeza hatari. Vijana nao huambiwa ni kichwa tu, wakalale. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa mtu 1 kati ya 4 waliofikisha miaka 25 atapata kiharusi maishani mwake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mpigieni mama simu asubuhi na jioni. Ongeeni naye hasa, msikie sentensi zikikamilika, msiishie kwenye salamu. Hapo hata likitokea la kutokea, unaijua saa. Likitokea, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, arudie sentensi fupi. Akishindwa moja, ondokeni naye kwenda hospitali. Hata akiyaweza yote, kama amebadilika ghafla, ondokeni vilevile. Usimpe aspirini, kwa sababu bila picha hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimpe hata maji. Mama alipewa uji na mtu mwenye nia njema kabla hajapimwa kumeza, ukaingia njia ya hewa, na kilichofuata ni nimonia na mpira wa kulishia puani.

Mkiambiwa ni uchovu, kaeni palepale. Ombeni picha ya kichwa. Semeni saa. Rudieni kusema saa. Heshima kwa daktari haikuzuii kusema kwamba huyu jana alikuwa anajua majina ya wajukuu wote.

Na msikubali mzee anyimwe mazoezi ya viungo kwa sababu ya miaka yake. Mama walitaka kumwacha kitandani. Tulidai mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuruhusiwa, tukadai tena kliniki, na leo anakwenda chooni kwa fremu bila kushikwa. Kabla hamjatoka wodini ulizeni presha yake inatakiwa iwe ngapi, kama mapigo ya moyo yamechunguzwa, na zoezi la kwanza ni lini. Andikeni majibu, pamoja na jina la aliyewajibu.